Bei ya Kilima

Mwaka 2019 mji mdogo wa Sambuca, uliokaa juu ya kilima katika kisiwa cha Sicily nchini Italia, ulitangaza kuuza nyumba zake zilizohamwa kwa bei ya kuanzia euro moja. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na miaka miwili baadaye ilikuwa bado inazunguka kwenye kundi letu la WhatsApp la kazini, Mwanza, ikiwa na picha ya ukuta wa mawe na mlango wa kijani. Mtu mmoja akaandika: "Shilingi elfu mbili na mia saba! Tuchange, jamani." Wengine wakaweka vicheko. Hakuna aliyesoma hadi chini, palipoandikwa kwamba mnunuzi lazima aikarabati nyumba ndani ya miaka mitatu, na kwamba anaweka dhamana ya euro 5,000 hadi kazi iishe.

Mimi sikuandika kitu. Wiki ile ile nilikuwa nimetuma malipo ya kwanza ya nyumba iliyoko juu ya kilima wilayani Ngara.

Nyumba yenyewe ni ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, bati limeshika kutu upande mmoja, jiko la nje, choo cha shimo. Imezungukwa na ekari moja na robo yenye migomba, mibuni iliyozeeka, mparachichi mmoja mkubwa, na makaburi mawili. Bei ilikuwa milioni tatu na laki mbili. Kwa Mwanza, hiyo ilikuwa kodi yangu ya miezi kumi na sita.

*

Kama hujawahi kufika Ngara, fungua ramani na ufuate barabara kuu kuelekea magharibi mpaka nchi iishe. Upande mmoja Rwanda, upande mwingine Burundi. Mto Ruvubu unakuja kutoka Burundi na kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, penye daraja la mpakani. Kutoka Mwanza wakati ule tulivuka kwa kivuko Kigongo hadi Busisi, tukapita Sengerema, Geita, kisha tukaingia pori la Biharamulo, ambako miaka ya nyuma mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Baada ya Lusahunga unaanza kuona malori ya Kigali yamepanga foleni kama siafu. Kisha Benaco.

Jina hilo linasikika kama la kwetu, lakini ni la Kiitaliano. Benaco ilikuwa kampuni ya ujenzi wa barabara iliyoweka kambi yake pale, na kabla ya hapo ni jina la kale la Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takribani siku moja, wakikimbia kutoka Rwanda, na jina la kampuni ya barabara likawa jina la kambi ya wakimbizi, moja ya kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Mama yangu hakuwepo, alikuwa ameshaolewa Kahama, lakini mjomba anasimulia jinsi miti ya mabonde yale ilivyokwisha kwa kuni ndani ya miezi michache. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Wakimbizi wa Burundi waliendelea kukaa kambi ya Lukole hadi ilipofungwa mwaka 2008.

Nataja haya kwa sababu Ngara imezoea watu wanaofika na watu wanaoondoka. Mtu akija na begi anauliza kiwanja, wanakijiji hawashangai. Wanachotaka kujua ni atakaa muda gani.

Na bei nayo inataka kueleweka. Sambuca nyumba ni rahisi kwa sababu waliokuwa wanazihitaji wameondoka au wamekufa. Ngara siyo hivyo. Vilima vimejaa watu, mashamba yamegawanywa baba kwa mtoto mpaka mengine yamebaki upana wa uchochoro. Nyumba niliyoinunua ingeweza kupata wanunuzi kumi siku hiyo hiyo. Wote kumi wangekuwa majirani, na wote wangelipa kidogo kidogo, msimu wa kahawa hadi msimu wa kahawa. Mimi nilikuwa na mshahara. Sikuwashinda kwa kuhitaji zaidi. Niliwashinda kwa kuwa na hela yote kwa mkupuo, na hilo jirani mmoja aliniambia usoni, bila ubaya wowote, huku akinisaidia kubeba ndoo.

*

Nilinunua kwa ajili ya mama.

Mama alizaliwa kilima cha pili kutoka pale. Aliolewa Kahama mwaka 1984. Baba alikuwa dereva wa lori, tukaishi nyumba za kupanga maisha yote, na baba alipofariki mwaka 2017 mama hakuwa na mahali pa kubaki. Nilimleta kwangu Mwanza, chumba na sebule Mabatini, kule ambako nyumba zimepanda juu ya mawe moja juu ya kichwa cha nyingine. Alikaa miezi mitano. Siku moja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hapa hata pa kumwaga maji ya kuoshea vyombo ni pa mtu." Akarudi Ngara, nyumbani kwa kaka yake.

Mjomba ni mtu mwema, na ninasema hivyo kwa moyo wote. Alimpa dada yake chumba chenye mlango wa nje, blanketi mbili, na heshima. Lakini shamba la babu lilikuwa limeshagawanywa kwa watoto wa kiume watatu. Hakuna aliyemdhulumu mama. Ni kwamba hakuwemo kwenye hesabu. Kila alipotaka mkungu wa ndizi alimwomba wifi yake, naye wifi hakumnyima hata siku moja. Shida ilikuwa hapo hapo, kwamba ilibidi aombe. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, anaomba ndizi kwenye migomba ambayo mingine mashina yake aliyachimbia mwenyewe akiwa msichana.

Mkoa wetu wa Kagera ndio uliotoa kesi ambayo wanafunzi wa sheria nchini bado wanaisoma. Holaria Pastory, mwanamke wa Muleba, alirithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephraim, akaenda mahakamani akisema mila ya Kihaya inamruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini haimruhusu kuiuza. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, ikaandika wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Ofisi ninayofanya kazi ipo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mahakama hiyo. Lakini hukumu haipandi basi. Kikao cha ukoo kinapokaa chini ya mti kugawa mashamba, mtu anayeweza kuitaja kesi ile kwa kawaida ni binti aliyesoma, naye yuko mjini, na hajaitwa kwenye kikao.

*

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mjane, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali. Wanawe wawili walikuwa machimboni Geita. Binti yake alikuwa ameolewa Karagwe. Mke wake alifariki mwaka 2015 na kaburi lake liko nyuma ya nyumba, pembeni ya kaburi la mama mzazi wa mzee. Macho yalianza kukataa, na binti alikuwa amemwambia aende akakae kwake. Hakutaka kuliacha shamba liote magugu.

Mwanawe mmoja alitaka asubiri kwanza. Januari ile, mwaka 2021, serikali ilikuwa imesaini mkataba wa nikeli ya Kabanga, na kuchukua hisa asilimia 16 katika kampuni mpya ya Tembo Nickel, na pale Ngara mjini madalali walikuwa wameshaanza kutamka neno nikeli kama watu wanaotaja mvua. Kijiji chetu hakiko karibu na mgodi. Mzee alimjibu mwanawe kwenye simu, spika ikiwa imewashwa, sote tunasikia: "Hiyo nikeli imeanza kuzungumzwa wewe hujazaliwa." Ni kweli. Utafiti pale ulianza miaka ya 1970.

Ardhi ya kijiji hainunuliwi kama simu. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na kinachohamishwa ni haki ya kuitumia. Kwa hiyo mgeni kutoka Mwanza anapotaka ekari moja na robo, halmashauri ya kijiji inakaa. Tulipita kwenye mipaka kwanza, majirani wanne, mwenyekiti wa kitongoji na mimi, tukifuata ua wa minyaa. Kila jirani aligusa mmea wa mpakani na kusema, "Hapa." Baadaye tukakaa kwenye mabenchi ya ofisi ya kijiji.

Wakataka vitambulisho vya taifa. Mpakani jambo hili si la kuzugia. Kihangaza cha mama kinaelewana na Kirundi, na yeye amewahi kushushwa kwenye basi aeleze ni Mtanzania wa wapi. Aliweka kitambulisho chake juu ya meza taratibu, kama anayeweka karata ya mwisho.

Kisha likaja swali ambalo nilikuwa nimelisubiri. "Tuandike jina la nani?"

Mjumbe mmoja, mzee wa heshima, alipendekeza mdogo wangu wa kiume. Hakusema kwa dharau. Alisema, "Dada, wewe kesho utaolewa. Mama yako, Mungu ampe umri, lakini naye atapita. Kijana ndiye atabaki." Nikamgeukia mama, nikitegemea atacheka. Mama akasema, "Ni kweli. Andikeni kijana."

Mdogo wangu alikuwa Dodoma, chuoni, hajawahi kukanyaga kilima kile. Nilitoka nje na mama. Hatukubishana kwa sauti. Nilimuuliza kitu kimoja tu: mke wa mdogo wangu akija, mkungu wa ndizi ataukata kwa ruhusa ya nani? Alikaa kimya muda mrefu, akitazama bonde ambalo ukungu ulikuwa haujaondoka. Tuliporudi ndani aliomba kalamu mwenyewe. Mama aliishia darasa la saba na mwandiko wake ni wa madarasa ya zamani, herufi zimeungana, zimelala upande mmoja. Aliandika majina yake yote matatu. Halmashauri ikapitisha.

*

Tulikuwa tumebakiza kuhesabu hela. Ndipo binti wa mzee alipofika kutoka Karagwe.

Alishuka kwenye bodaboda akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa mwanamke wa umri wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwa amekuja kupinga. Alimsalimia mama kwa kupiga goti kidogo, akanisalimia, akakaa. Halafu akasema kwa Kiswahili cha darasani, kilichonyooka: "Kaka zangu waliulizwa kama shamba liuzwe. Wakakubali kwa simu. Mimi nimeambiwa jana, nikaandae chumba cha baba. Sidai shamba. Naomba kujua mama yangu anabaki na nani."

Hakuna aliyejibu haraka. Nilikuwa nimekuja na kesi ya Holaria Pastory kichwani na sheria ya 1999 kwenye simu, ili mama yangu, binti aliyesahauliwa kwenye hesabu ya baba yake, apate kilima chake. Na kilima nilichokipata kilikuwa kinatoka mikononi mwa binti mwingine aliyesahauliwa kwenye hesabu ya baba yake. Kisheria mzee alikuwa na haki ya kuuza, mke wake hayupo tena duniani, watoto wote ni watu wazima. Kila karatasi ilikuwa sawa. Ningeweza kulipa na kuondoka.

Aliyezungumza ni mama. "Tuandike," alisema. "Karatasi bado iko hapa."

Mtendaji akafungua ukurasa mwingine wa karatasi ya mistari, na kwa saa nzima tukaandika mambo ambayo hayana bei. Makaburi hayatahamishwa wala kulimwa juu. Njia ya kutoka barabarani hadi makaburini itabaki wazi upana wa hatua mbili. Mzee akifariki atarudishwa na kuzikwa upande wa kulia wa mke wake, na msiba utawekwa nyumbani hapo. Watoto wake wataruhusiwa kuja kusafisha makaburi siku yoyote. Pale kwenye "watoto wake", binti alinyanyua kidole kama yuko darasani. "Ongeza 'wote'," alisema. Mwenyekiti akamuuliza kwani watoto wake maana yake si wote? Akajibu, "Mwenyekiti, wewe ongeza tu." Neno likaongezwa, mshale mdogo juu ya mstari, sahihi ya mtendaji pembeni.

Nikalipa. Mzee alihesabu kwa vidole kwa sababu macho hayakumtosha, na binti yake akahesabu mara ya pili.

*

Nyumba ya bei rahisi huanza kuuliza bei yake halisi mvua ya kwanza ikinyesha. Bati la upande mmoja tulibadilisha lote. Choo kilititia, tukachimba kingine. Maji yako bondeni, dakika thelathini na tano kushuka na karibu saa nzima kupanda, kwa hiyo tukanunua tangi la lita elfu mbili la kuvunia maji ya mvua, likapandishwa kilimani na vijana sita kwa kamba. Kufikia mwaka 2023 nilikuwa nimetumia zaidi ya bei ya ununuzi. Sambuca wangenielewa.

Hati ya Hakimiliki ya Kimila bado hatujapata. Ili kijiji kitoe hati hizo, kwanza kiwe na Cheti cha Ardhi ya Kijiji na masjala yake ya kutunzia kumbukumbu, kisha kila shamba lipimwe. Foleni ipo, nasi tumo. Kwa sasa tunachoshika ni mhutasari wa kikao, mkataba, na ule ukurasa wa ziada. Mama ameviweka kwenye bahasha ya plastiki ndani ya debe la mahindi, ambako panya anapaswa kula mahindi yote kwanza ndipo aifikie sheria.

Mzee alifariki Machi 2024, Karagwe. Binti yake alimpigia mama kabla ya kuwapigia kaka zake. Nilichukua likizo ya siku tano. Nilifika nikamkuta mama ametoa vitu vyake vyote kwenye vyumba viwili, amehamia jikoni nje, na nyumba imekuwa ya marehemu. Wanawe kutoka Geita waliingia wakakaa sebuleni kama watu wa pale, na walikuwa watu wa pale. Mmoja wao, katikati ya usiku wa pili, alianza kusema kwamba shamba liliuzwa kwa bei ya kutupa. Hakuwa mkorofi, alikuwa amelewa pombe ya ndizi na ana msiba. Dada yake akainuka, akamwomba mama ile bahasha, akasoma kwa sauti masharti yote mbele ya waombolezaji. Alipofika kwenye neno "wote" hakupandisha sauti, alisoma kama maneno mengine. Kaka akanyamaza. Tukazika kesho yake saa nane mchana, upande wa kulia.

Siku ya kuondoka, binti alizunguka nyuma ya nyumba. Akamuuliza mama kama anaweza kuchukua chipukizi moja la mgomba aliokuwa ameupanda mama yake, akaoteshe Karagwe.

"Hilo huombi, mwanangu," mama alimwambia. "Jembe liko pale ukutani."

Akachimba matatu.

Sasa mama ana makaburi matatu ya watu wasio ndugu zake, na anayapalilia kabla ya kupalilia maharage. Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa, kwa hiyo siku hizi nafika mapema, naukuta moshi bado uko jikoni. Mwezi uliopita aliniambia kwenye simu kwamba ameshachagua mahali pake, karibu na mparachichi, pasipo na mizizi mingi. Baba amezikwa Kahama, na kwa mila ya pande zote mbili mke humfuata mume. Mama analijua hilo vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana alitaka nimweleze mdogo wangu mapema, kwa maandishi, ili siku hiyo isije ikaanza hoja ya lori na safari.

"Niandike vipi?" nikamuuliza.

"Andika kwamba mwenye shamba amesema."